Aron Aliyetembezwa Unguja

Kabla hajakanyaga kisiwa chochote, Aron wa mzee Kristian alikuwa tayari anaijua bahari yote. Muulize mtu yeyote pale Soni, panapopakiwa kabichi za kwenda Dar es Salaam. Aron alikaa juu ya magunia, sweta shingoni, akiwaeleza wapakiaji jinsi nahodha anavyotakiwa kulikata wimbi ubavuni na kwa nini samaki wa maji chumvi haumwi koo. Bahari yenyewe alikuwa ameiona mara moja tu, Tanga, kupitia dirisha la lori, na siku hiyo kulikuwa na mvua. Lakini nani angembishia? Wapakiaji wenyewe safari zao zilikuwa zinaishia Mombo.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushee, mfupi, kifua kipana cha mtu aliyepandisha mizigo mlimani tangu shule ya msingi, ambayo nayo hakuimaliza kwa kuwa, kwa maneno yake, walimu walikuwa wameishiwa. Alilima kabichi na karoti kwenye matuta aliyoachiwa na baba yake. Jumapili aliimba besi katika kwaya ya Kilutheri, besi ambayo mwalimu wa kwaya alimwomba mara kadhaa aipunguze. Mkewe Anitha alikuwa mwalimu wa chekechea, na watoto wao walikuwa wameshakwenda kwao. Nyumbani walibaki wao wawili pamoja na mama yake Aron, bibi Yunis, kwenye nyumba ya bati chini ya miti ya plamu, mahali ambapo ukungu unaingia sebuleni bila kubisha hodi.

Bibi Yunis ndiye aliyemtuma Aron Unguja, na hakumtuma kutalii.

Mambo yalikuwa hivi. Aron ana mdogo wake, Klara. Huyu dada hakuwa na maneno mengi kama kaka yake. Maneno ya nyumba nzima yalikuwa yameshachukuliwa. Akavuka maji kwenda kuuza karoti za Lushoto katika soko la Darajani, na aliziuza kwelikweli, mpaka wachuuzi wenzake wakawa wanachukua mzigo kwake. Huko akaolewa na Nassir, muuza spea za pikipiki, akasilimu, akaitwa Hidaya. Walipokuja mlimani kumtambulisha bwana, Klara aliingia jikoni kwa mama yake akapika pilau kwa viungo alivyobeba kutoka kisiwani. Akaiweka sahani mbele ya mama. Bibi Yunis akaitazama, akaisukuma kwa mgongo wa mkono, akasema mbele ya watu wote waliokaa pale, "Cha mkono wako sitakula tena."

Sasa, katika ukoo wa mzee Kristian neno la namna hiyo halichakai. Wenye vyeti watacheka, waacheni wacheke. Watu wa nyumba ile waliamini kwamba linamkalia mtu kama mzigo kichwani, na wa kuutua ni yule yule aliyemtwika: mdomo uliosema lazima ule kutoka kwenye mkono uliokataliwa. Mchungaji hawezi kulitua, shangazi hawezi, na kamati ya usharika ndiyo kabisa. Klara alirudi Unguja na mzigo wake, na mlimani hakukanyaga tena. Alikuwa akituma vitenge na karafuu. Karafuu bibi Yunis aliwagawia majirani. Vitenge alivaa, maana nguo hailiwi.

Miaka ikapita namna hiyo. Halafu miguu ya bibi Yunis ikaanza kuvimba, pumzi ikawa fupi, na daktari akamwita Aron nje ya wodi kuzungumza naye, jambo ambalo hata asiyesoma anajua maana yake. Waliporudi nyumbani, bibi akamwambia mwanawe amkalishe kitandani.

"Nenda kamlete Klara," alisema. "Aje anipikie. Nile."

Aron akaingiza mkono mfukoni. "Nimpigie sasa hivi, mama?"

"Simu? Nilimwambia mbele ya uso wake. Nenda na uso wako."

"Na kama akikataa?"

"Wewe na mdomo wako wote huo ukishindwa, basi nitajua nilizaa redio."

Kesho yake Aron aliteremka na basi la Dar, sweta mwilini na koti juu ya sweta, na kiroba cha plamu mapajani. Kwenye boti ya kwenda Unguja yule mjuzi wa kukata mawimbi alikaa akiwa ameukumbatia mfuko wa plastiki njia nzima. Kuhusu safari hiyo tuishie hapo, tumsitiri.

Klara alimpokea bandarini akiwa na Nassir. Alikuwa amenenepa, baibui nyeusi, macho ya baba yao. Wakashikana mikono kwa muda mrefu, wanazuia njia, wapagazi wanawapigia kelele wasogee.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Nyumbani kwema?"

"Kwema," alisema Aron.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Katika ukoo wa mzee Kristian mgeni mwenye ujumbe mzito haropoki mlangoni. Ukimuuliza mara ya kwanza, hata kama ameacha maiti ndani, atakujibu kwema. Unampa maji, unampa chakula, ananawa, anatulia. Halafu mwenyeji anakaa mbele yake na kumuuliza mara ya pili: haya, tuambie ya nyumbani. Hapo ndipo anafungua kinywa. Neno lisiloulizwa, wanasema, linaanguka chini na halifanyi kazi. Aron amelelewa hivyo. Klara naye amelelewa hivyo hivyo, kwenye jiko lile lile.

Walikuwa wakiishi Michenzani, kwenye yale majumba marefu yanayokwenda kama treni iliyosimama, ghorofa ya juu. Aron alipofika juu alishika ukuta akasema, "Mnaishi kama njiwa." Nassir akacheka. Klara akaandaa wali wa nazi na pweza. Aron akala, akamtazama pweza kwa mashaka lakini akamla, akanawa, akavuta kiti, akakaa wima kama mtu anayepigwa picha. Akakohoa.

"Pole na kikohozi, kaka," alisema Klara, akikusanya sahani haraka. "Vua hilo koti, utaiva. Jioni tunakwenda Forodhani. Wewe si ndiye uliyekuwa ukitaka kuiona bahari?"

Wakaenda. Sasa lazima isemwe kweli: Unguja mjini ni mahali pa kumpoteza mtu akili. Bajaji, pikipiki, magari ya wageni yenye vioo vyeusi, maghorofa yanayochipuka hata pasipokuwa na nafasi, na watu wa kila rangi wakitembea nusu uchi karibu na wengine waliojifunika mpaka vidole. Forodhani moshi wa mishikaki ulikuwa umetanda, vijana wakijirusha majini kutoka ukutani huku wazungu wakiwapiga picha. Aron alikunywa urojo akauliza mbona supu hii imetiwa embe. Akamfundisha muuza juisi namna bora ya kukamua miwa. Akalitazama Jumba la Maajabu lililozungushiwa uzio, mafundi wakilishughulikia, akasema kwamba kwao mlimani nyumba za Wajerumani bado zimesimama kwa sababu zilijengwa na Washambaa. Klara alicheka mpaka akajishika ubavu. Aron alikuwa hajamsikia akicheka hivyo tangu utotoni, na kicheko kile kikamlevya.

Anitha alipopiga simu aliulizia jambo moja tu.

"Umemwambia?"

"Bado hajaniuliza."

"Aron. Wewe unasubiri uletewe kadi ya mwaliko?"

"Mke wangu, neno la mama lina utaratibu wake. Yuko vipi?"

"Anauliza kama mmeshapanda basi."

"Mwambie kesho."

Kesho ilikuwa ya Mji Mkongwe. Klara aliacha biashara kwa msaidizi wake akampitisha kaka yake kwenye vichochoro, akamwonyesha milango yenye misumari ya shaba. Aron aliwasalimia watu wote waliopita, mmoja mmoja, kama afanyavyo mtu wa mlimani njiani kwenda shamba, mpaka kichochoro kimoja kikaziba. Nyuma yao kikundi cha Wataliano kilisimama kikingoja amalize kumjulia hali mzee wa kahawa. Darajani alikuta kabichi. Akaishika, akaigeuza, akaibonyeza shina.

"Hii ni ya Lukozi," alimwambia muuzaji. "Naijua mpaka tuta lake."

"Basi ichukue, mzee wangu, uipeleke kwao," alijibu muuzaji, na meza nzima ikaangua kicheko.

Akapelekwa Mkunazini, kwenye vyumba vya chini ya ardhi ambamo watumwa walifungiwa. Mle ndani Aron aliinama kwa sababu ya dari, akaiona minyororo, na kwa mara ya kwanza tangu afike hakuwa na la kumfundisha mtu. Akamgeukia Klara. Midomo yake ilikuwa imeshafunguka.

"Tutoke, kaka," alisema Klara. "Humu hakuna hewa."

Ikafuata Jozani, kuwaona kima wekundu wanaoshuka mitini bila haya. Ikafuata shamba la viungo, ambako Aron alivikwa taji la makuti kichwani na kuambiwa yeye ni mfalme, na akakubali. Kila walipokula, alikaa wima akangoja. Na kila alipokaa wima, Klara alikuwa na mahali pengine pa kumpeleka. Na Aron alikwenda. Angeweza kusema. Angeweza kumshika mkono dada yake katikati ya barabara na kulitamka, liangukie linapoangukia. Lakini alijiambia kwamba neno la mama halistahili kutupwa ovyo. Hayo ndiyo aliyojiambia. Jingine, ambalo hakujiambia, ni kwamba alikuwa anafurahi. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kuacha kazi zake ili kumtembeza Aron wa kabichi.

Nassir ndiye aliyeona. Asubuhi moja, Klara akiwa jikoni, alisogeza kiti.

"Shemeji, wewe hukuja kutazama kima. Una neno."

Aron akakoroga chai yake.

"Niambie mimi basi. Mimi ni mume wake."

"Wewe ni mtu mwema, shemeji," alisema Aron. "Lakini mama hakunituma kwako."

"Je, nimwambie akuulize?"

Hapo Aron alifikiri sana. Angesema ndiyo, habari hii ingekuwa nyingine. Lakini kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko mawe ya mlima Magamba. "Akisukumwa kuuliza, si kuuliza," alisema. "Leo atauliza mwenyewe."

Siku hiyo Klara alikuwa ameshakodi mashua ya injini ya kuwapeleka Changuu, kwenye kobe.

Kile ni kisiwa kidogo mbele ya mji, na kobe wake ni wakubwa kama meza, wengine wamezaliwa kabla ya babu zetu. Mgeni anapewa majani ya kuwalisha. Aron alichuchumaa mbele ya mmoja aliyechoka sana usoni, akamshikia jani, kobe akanyoosha shingo. "Huyu anafanana na mchungaji wetu wa zamani," alisema, na Klara akageuka kuficha kicheko. Simu ikaita.

"Uko wapi?" Sauti ya Anitha ilikuwa ndogo.

"Huku kwenye kobe."

"Kaa chini, Aron."

"Nimekaa."

"Hujakaa."

"Nimekaa, mke wangu."

Hakuwa amekaa. Alikuwa amesimama na jani mkononi. Anitha akamwambia kwamba bibi Yunis ameondoka asubuhi ile, baada ya kusali. Kwamba tangu jana uji alikuwa anaukataa, akisema atangoja chakula kinachokuja. Aron alisema ndiyo. Akasema ndiyo tena, ingawa Anitha alikuwa ameshakata simu ili alie.

Klara alikuwa amemtazama usoni wakati wote ule. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Nyumbani kuna nini?" aliuliza.

Aron alimtazama. Watu walikuwa wakipiga picha. Kobe alikuwa bado amenyoosha shingo, anangoja.

"Mama amefariki."

Klara hakupiga kelele. Alikaa pale pale mchangani, baibui ikamzunguka.

"Alikuwa anaumwa?"

"Tangu mwezi uliopita."

"Na wewe ulikuja kuniambia anaumwa."

"Nilikuja kukuchukua. Alisema uende ukampikie. Alisema atakula, Klara. Kwa mkono wako."

Ni mara chache Aron amesema maneno machache hivyo. Dada yake aliyasikiliza yote, halafu akaanza kutikisa kichwa taratibu, akitikisa na kutikisa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza mara ya pili."

"Aron."

"Nilingoja. Kila siku nilinawa nikangoja. Nilidhani umeishi mjini hata umesahau tunavyofanya."

"Sikusahau," alisema Klara. "Nilikuona siku ya kwanza ulivyokaa kwenye kile kiti. Nikajua umekuja na neno lake. Nikasema, ametumwa kuniambia kwamba hata mama akifa nisije. Nikiuliza, atasema. Nisipouliza, hatasema, namjua, atakufa nalo. Ndiyo nikawa nakutembeza." Akajifuta uso kwa kiganja chenye mchanga. "Nilitaka nikae na kaka yangu siku chache kabla sijasikia."

Aron alifungua mdomo ili amwambie kwamba si kosa lake. Akaona kwamba kulisema hilo kungebakiza kosa lote kwa mtu mmoja aliyebaki, na hakuwa na nguvu za kulipokea siku ile. Akamnyanyua tu. Mwenye mashua aliwaona wanakuja wameshikana akawasha injini bila kuuliza, na njia nzima ya kurudi mji ulikuwa mbele yao, mweupe, umejaa, na Aron hakuutazama.

Walisafiri watatu, Nassir akibeba mizigo. Kutoka Mombo gari lilipoanza kupanda kona, Klara alijifunika mtandio mpaka puani kwa baridi, na Aron akamvika sweta lake. Walikuta turubai limeshafungwa, kwaya imeshafika, jeneza liko sebuleni. Bibi Yunis alikuwa amevalishwa mojawapo ya vile vitenge. Klara alisimama pale kwa muda, akamgusa mama yake kwenye mkono, ule uliosukuma sahani, akatoka.

Mchungaji alihubiri. Aron aliimba besi yake chini sana hivi kwamba mwalimu wa kwaya aligeuka kumtafuta. Wakazika juu ya matuta, karibu na mzee Kristian, ukungu ukiwa umeshuka kiasi kwamba waliokuwa nyuma walisikia tu udongo ukianguka.

Walipotoka makaburini, wanawake wa usharika walikuwa wamepika ndizi na maharage. Lakini Klara alikuwa ameondoka kaburini mapema kidogo, ameingia jikoni kwa mama yake, amefunga kanga kiunoni, na sufuria kubwa la msibani lilikuwa jikoni likinukia karafuu na mdalasini. Akapakua mwenyewe. Akazipanga sahani kwenye majamvi.

Waombolezaji wakazitazama. Karibu wote walikuwepo siku ile ya maneno, au walizaliwa kwa waliokuwepo. Shangazi mmoja alisema ana tatizo la tumbo. Mwingine akasema pilau ni nzito kwa msiba. Wengine walisogea tu upande wa maharage, kwa heshima, bila chuki, kama watu wanavyopisha gari barabarani. Aliyekataliwa na marehemu, na marehemu akaondoka bila kula, ni nani wa kuthubutu? Anitha alikaa akajipakulia kidogo, lakini yeye ni mkwe, na mkwe hahesabiki. Nassir alikula kwa sababu ni mume wake.

Klara alibaki amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi.

Aron alivua kofia. Akaenda kwenye jamvi, akakaa katikati ya zile sahani zisizoguswa, akanawa, akaanza kula. Alikula kwa mkono, kwa haraka, kama mtu aliyetoka shambani, machozi yakimdondokea kwenye wali naye akiyala pamoja nao. Alijua vizuri kwamba mdomo wake si ule unaotakiwa. Hata angekula mpaka asubuhi, mdomo unaotakiwa ulikuwa umeshafukiwa. Akamaliza sahani ya kwanza, akavuta ya pili.

Mtu aliyekuwa na la kusema juu ya kila kitu duniani, hata juu ya shingo ya kobe, alikuwa anatafuna tu.

Klara akaja akachuchumaa kando yake.

"Acha, kaka. Utaumwa."

"Ipo nyingine kwenye sufuria?"

"Ipo."

"Lete."

Akaleta. Aron alishashiba zamani, na sufuria lile lilikuwa limepikwa la kulisha kijiji.